Kifurushi Kwanza, Vitufe Baadaye

Kila mtu ana namna yake ya kuandika namba ya simu. Mmoja ataanza na 07, mwingine na 06. Mwenye ndugu Muscat amezoea kuitaja kwa +255, na jirani yake ataandika 255 bila ile alama ya kujumlisha. Kuna na wale wanaoikopi kutoka WhatsApp, ikaja na nafasi katikati na wakati mwingine na herufi zisizoonekana. Wote wako sahihi: ukiondoa sifuri ya mwanzo au 255 ya nchi, zinabaki tarakimu tisa zilezile. Kazi ya kisanduku cha namba ya simu kwenye fomu ni kuzipokea zote bila kumgombeza mtu, kisha kuikabidhi seva umbo moja tu.

Mwaka 2019 nilikuwa katika kampuni ndogo ya programu pale Kijitonyama, si mbali na kituo cha Sayansi. Tulikuwa na mifumo mitatu mikubwa ya wateja: wa SACCOS, wa zahanati na wa ada za shule. Kila mfumo ulikuwa na kisanduku chake cha namba ya simu, na vyote vilitoka tumbo moja. Mtu aliandika cha kwanza, wengine wakakikopi na kukibandika, kisha kila mmoja akakichokonoa kwa matakwa ya mteja wake. Cha zahanati kiliikataa alama ya kujumlisha. Cha SACCOS kiliandikwa type="number", aina iliyokusudiwa kwa kiasi, na kivinjari kikakichukulia hivyo: karani aliyekwisha kukibofya, akizungusha gurudumu la kipanya ili ashuke chini ya ukurasa, namba ya mwanachama inapanda au kushuka kwa moja bila yeye kuona. Cha shule ndicho kilichokuwa kikinichekesha. Kilisoma tarakimu za mwanzo kikaweka nembo ya mtandao pembeni, 075 Vodacom, 078 Airtel, na kuendelea. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile, kwa hiyo nembo ile ilikuwa inabahatisha huku imekaza uso.

Bosi wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliuliza kikaoni, "Hivi jamani, hiki kitu mtakitengeneza mara ngapi?" Hakuna aliyejibu. Akatugeukia mimi na kaka mmoja aliyenizidi umri na uzoefu, akatutaka tuandae mradi wa kuanzia: mahali pamoja pa kuandikia komponenti ambazo zaidi ya mfumo mmoja utazihitaji, kwa JavaScript, juu ya React.

Nilikuja na orodha. Kitufe, kisanduku cha maandishi, cha simu, cha shilingi, dirisha ibukizi, jedwali lenye kurasa, kichaguzi cha tarehe. Kaka aliisoma yote mpaka mwisho, akanirudishia.

"Nzuri hii, dogo. Tutaifikia. Kwanza tupeleke kitu kisichofanya kazi yoyote."

Nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa na maana ileile aliyoisema. Kitu chenyewe kilikuwa komponenti inayoandika neno "Salama" ndani ya aya, basi. Haina rangi, haipokei chochote, haibofyeki. Kazi yote ilikuwa kuifikisha kwenye kompyuta ya mwenzetu wa mradi wa zahanati, aisakinishe kama anavyosakinisha maktaba nyingine yoyote, aione kwenye kivinjari chake, na asituulize swali hata moja. Hilo la kutoulizwa ndilo lililotutoa jasho.

Komponenti ikiwa ndani ya mradi wake hudekezwa. Zana za mradi zinaigeuzia JSX kuwa JavaScript ya kawaida. CSS inapakiwa na faili jingine huko juu. Maktaba inazozitumia zipo ndani ya node_modules, hata zile ambazo hakuna aliyeziorodhesha, kwa kuwa ziliingia na kitu kingine. Siku inapohama, hayo yote yanabaki nyuma. Nimewahi kuona maktaba nzuri za vitufe, zimepangwa na kupakwa rangi, ambazo hakuna hata kitufe kimoja kilichoweza kutoka nje ya mradi uliokizaa. Kaka alitaka safari ijaribiwe wakati mzigo bado ni mwepesi.

Faili linaloamua safari hiyo ni package.json. Wengi hulijaza kama fomu ya serikali ya mtaa: jina, toleo, mwandishi, leseni, twende. Kwa mradi wa kawaida haina shida. Kwa mradi wa komponenti kila mstari humo ni ahadi kwa mtu usiyekaa naye meza moja. Sehemu ya main na ya module zinasema mlango wa kuingilia ni upi, kwa zana za zamani na kwa zile zinazoelewa moduli za kisasa. Exports iliyokuja kukubalika baadaye ikaongeza uwezo wa kufunga milango ya pembeni, watu wasichomoe faili la ndani ambalo kesho utataka kulihamisha. Sehemu ya files inasema nini kiingie kwenye kifurushi. Ile ya sideEffects inaziambia zana za ujenzi kwamba komponenti isiyotumika inaweza kutupwa bila madhara, na hiyo kwa mtumiaji anayenunua bando la siku ni pesa halisi.

Amri iliyotufundisha zaidi ni npm pack. Haitumi chochote kwenye intaneti. Inakufungia kifurushi vilevile kitakavyokuwa kikisafiri, faili moja lenye mkia wa .tgz, na inakuorodheshea kila kilichoingia pamoja na ukubwa wake. Kiolezo tulichokipakua ili kutuokolea muda kilitoa orodha ya kushangaza: mafaili ya majaribio, picha za usanifu, mipangilio ya kihariri cha mtu fulani, mifano ya mradi mwingine kabisa. Yote hayo kwa ajili ya neno moja. Tukaandika sehemu ya files, tukabakiza folda ya dist, na README na leseni ambazo npm huzibeba yenyewe. Faili likawa dogo la kutumwa kwa WhatsApp. Kuna siku mtandao wa ofisi uligoma likaenda kwa flashi, likasakinishwa vilevile.

Mafunzo mengi hushauri npm link kwa kazi hii. Mimi siipendi. Inaunganisha folda mbili kwa njia ya mkato, kwa hiyo komponenti inaendelea kuziona maktaba za kwao. Unadhani imesafiri, kumbe haijatoka sebuleni.

"Salama" ilipoonekana kwa mwenzetu, kaka akasema sasa tuongeze kitu kidogo chenye kumbukumbu: kitufe kinachohesabu mibofyo. React ilikuwa imetoa huki (hooks), njia mpya ya kuipa komponenti kumbukumbu, Februari ya mwaka huohuo, katika toleo la 16.8, na kila mtu alikuwa akizitumia. Kwetu kitufe kilihesabu vizuri. Kwa mwenzetu ukurasa ukawa mweupe pe, na kwenye konsoli maandishi mekundu yakidai huki imeitwa mahali pasipostahili. Tukatazama msimbo. Huki ilikuwa palepale inapotakiwa, ndani ya komponenti, mstari wa kwanza.

Ujumbe ule wa React hutaja sababu tatu zinazowezekana, na ya tatu ndiyo iliyokuwa yetu: React mbili kwenye ukurasa mmoja. Inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo hitilafu inayowavuruga zaidi wanaoanza. React imegawanyika sehemu mbili. Kuna kifurushi cha react unachokiita ndani ya komponenti, na kuna react-dom inayochora ukurasani. Unapoita huki kama useState, kile cha kwanza hakijui chochote chenyewe. Kinamwuliza mchoraji aliye zamu, na mchoraji hujiandikisha kwenye nakala moja tu ya react, ile aliyokuja nayo. Kiolezo chetu kilikuwa kimeiweka React kwenye dependencies, tena kwa toleo kamili lililotofautiana na la zahanati, kwa hiyo npm ikatii na kusakinisha zote mbili. Komponenti yetu ikaiuliza nakala ambayo hakuna mchoraji aliyewahi kufika kwake. Ukiandika npm ls react kwenye terminali unaziona zote: moja chini ya mradi, ya pili imejificha chini ya kifurushi.

Dawa yake ni fupi. React inaondolewa kwenye dependencies na kuwekwa kwenye peerDependencies, maana yake kifurushi hakiji nayo, kinamtaka mwenyeji awe nayo, 16.8 au zaidi. Na Rollup, iliyokuwa ikitufungia mafaili, iambiwe kwamba react ni ya nje, isiimeze. Tuliligundua hilo kwenye kitufe cha mistari michache. Orodha yangu ingekuwa imeandikwa yote kabla, tungelitafuta ndani ya jedwali, dirisha ibukizi na kichaguzi cha tarehe vinavyoitana, na nina hakika lawama zingekiangukia kichaguzi cha tarehe.

Tamaa ya kuwa na vipande vilivyo tayari haikuzaliwa na JavaScript. Mwaka 1968 Doug McIlroy wa Bell Labs alisimama kwenye mkutano uliodhaminiwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani, akalalamika kwamba waandishi wa programu hawana kiwanda cha vipande. Alitaka katalogi ambamo mtu anachagua kwa usahihi, kwa kasi, kwa uimara, kisha anachukua. Kitu cha aina ya maduka ya Gerezani pale Kariakoo, unataja gari na mwaka, unapewa spea. Katalogi tumeipata, inaitwa npm, na imejaa kupita kiasi. Taabu yetu ni kujua spea ipi ukiichukua itakuja na jamaa zake wote. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake npm baada ya mzozo wa jina la kimojawapo. Kati ya hivyo kilikuwemo left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi mbele ya maneno, na kwa kuondoka kwake miradi chungu nzima duniani ikashindwa kujengwa, Babel ikiwemo, mpaka npm ilipokirudisha. Wengi wa walioathirika hawakuwahi kulisikia jina hilo. Kwetu sisi kisa hicho kiliacha desturi: dependencies inabaki tupu, na anayetaka kuongeza jina aje alitetee mbele ya wenzake. Wengi wakifika nusu ya utetezi husema basi, nitaandika mwenyewe.

Safari ilipokubali ndipo tukaandika kisanduku cha simu, na hapo nilifurahia kazi. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba kisanduku kisiguse kitu mtu akiwa bado anaandika. Inavutia kupanga tarakimu kwa makundi kila kibonye kinapobonyezwa, lakini mtu akirudi katikati kusahihisha tarakimu moja, programu ikaandika upya maandishi yote, mshale unarukia mwisho. Kijana mwenye laptopu atang'amua. Mwanachama wa SACCOS anayeandika kwa kidole kimoja kwenye Tecno yenye kioo kilichopasuka ataishia kufuta yote na kuanza upya, na safari hii atakosea pengine. Kwa hiyo tulisubiri aondoke kwenye kisanduku, ndipo tukasafisha. Uamuzi wa pili: komponenti isiwe na sentensi hata moja ndani yake. "Namba haijakamilika" ya zahanati na ya shule si lazima zifanane, na mteja mmoja alitaka Kiingereza kitupu. Maneno yote yanaletwa na anayeitumia.

Dada aliyesimamia ubora alikuwa na desturi moja iliyotuhangaisha: kabla ya kupima chochote aliweka kipanya chake ndani ya droo. Alitembea kwenye fomu kwa kibonye cha Tab, akajaza, akatuma, akasikiliza kisoma skrini kinasema nini. Kitu chochote tulichokiandika kwa div yenye onClick badala ya button halisi kilimpita kama hakipo, na alikirudisha bila maelezo. Siku alipokipima kisanduku cha simu kwenye fomu ya SACCOS alikirudisha na kipanya mkononi.

"Kaka, njoo uone. Nikibofya 'Namba ya mrithi' mshale unaenda kwa mwanachama."

Fomu ile ilikuwa na visanduku viwili vya simu ukurasa mmoja. Kila lebo ya HTML hufungwa kwa kisanduku chake kwa id, na sisi id tulikuwa tumeiandika ndani ya komponenti, "simu", ileile kwa kila nakala. Kivinjari kinapokuta id mbili zinazofanana huichukua ya kwanza. Kwenye mfumo ulioizaa, komponenti ilitokea mara moja kwa ukurasa, na ingeweza kukaa miaka bila mtu kugundua. Tukaweka kihesabio kidogo kinachotoa id mpya kwa kila nakala. React yenyewe ilikuja kuleta huki ya kazi hiyo, useId, katika toleo la 18 mwaka 2022, ishara kwamba hatukuwa peke yetu. Tangu hapo ukurasa wa mfano wa kila komponenti una nakala mbili za kitu kilekile, ubavu kwa ubavu, ndani ya fomu moja. Ni kipimo rahisi ajabu, na sijui kwa nini violezo vingi bado vinaonyesha kitufe kimoja kilichokaa katikati ya ukurasa mweupe.

Rangi hazikutusumbua. SACCOS ni kijani, zahanati bluu, shule maruni. Tukatumia vigeuzo vya CSS, mwenyeji anavitaja mara moja na komponenti zinavirithi.

Kilichotusumbua ni mfumo wa shule. Ulikuwa wa PHP na jQuery, unafanya kazi, na hakuna aliyekuwa tayari kuuvunja kwa ajili ya kisanduku. Tulijadili kuandika upya kila kitu kwa elementi maalumu za kivinjari chenyewe, zile ambazo majina yake lazima yawe na kistari katikati, ambazo hazijali kama ukurasa ni wa React au wa PHP. Chrome, Safari na Firefox zilikuwa zimeshazikubali kufikia mwisho wa 2018. Edge ya Microsoft ilikuwa haijazikubali, mpaka ilipobadilishwa mwanzoni mwa 2020 na kujengwa juu ya Chromium, na ofisi za wahasibu wa shule zilikuwa zimejaa Edge. Tukaacha. Leo ningeanza huko, kwa timu yenye mifumo iliyochanganyika.

Badala yake kaka alikata kisanduku cha simu vipande viwili. Kipande cha kwanza kilikuwa sura: lebo, mpaka, rangi ya kosa. Cha pili kilikuwa kitendakazi kitupu, kinachopokea maandishi yoyote na kurudisha ama tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 255, ama sababu ya kushindwa. Hakikujua React ni nini. Mfumo wa shule ukakiingiza kwa tagi ya script ya kawaida. Baadaye seva ya kutuma SMS ikakichukua. Kisha kijana wa ripoti akakitumia kusafisha majedwali ya zamani ya Excel. Katika mradi mzima wa komponenti, kilichosafiri mbali kuliko vyote hakikuwa na hata herufi moja ya HTML, na mimi niliyeleta orodha ya vitufe nililitafakari hilo kwa muda. Tangu wakati huo mradi wa kuanzia una folda mbili, moja ya sura na moja ya akili, na ya pili hairuhusiwi kuijua ya kwanza.

Kuhusu kurasa za kuonyeshea komponenti, wengi huanza na Storybook. Ni zana nzuri, na napenda historia yake: ilianzia Sri Lanka mwaka 2016, katika kampuni ndogo ya Kadira, na kampuni ilipofungwa mwaka uliofuata waliokuwa wakiitumia wakaichukua na kuiendeleza. Lakini inakuja na vifurushi vyake lukuki, na kwenye mradi wa komponenti chache inakuwa nzito kuliko inachokionyesha. Sisi tulianza na folda iitwayo mfano, mradi mdogo unaosakinisha .tgz ileile atakayoipata mteja. Storybook tuliiongeza wasanifu walipoanza kuomba. Rollup nayo iliipisha Vite ya Evan You, iliyotoka 2020, na mabadiliko yalikuwa ya kazi ya mchana mmoja, kwa sababu kilichokuwa nje ya kifurushi hakikuguswa. Mwenzetu wa zahanati alijua tumehama siku tulipomwambia.

Namba za matoleo ni ugomvi wa kudumu. Kwa utaratibu aliouandika Tom Preston-Werner, tarakimu ya kwanza hupanda ukivunja ahadi, ya kati ukiongeza kitu, ya mwisho ukirekebisha kosa. Kwa vitendakazi hiyo iko wazi. Kwa vitu vinavyoonekana haiko wazi hata kidogo. Tuliwahi kuongeza nafasi kidogo juu na chini ya maandishi ya kitufe, kidole kipate pa kukaa, tukapandisha tarakimu ya mwisho. SACCOS ilikuwa na ukurasa wa risiti wenye kitufe hicho juu yake. Ukurasa ukarefuka, mstari wa sahihi ukahamia karatasi ya pili, na karani akawa anachapa karatasi mbili kwa kila mwanachama hadi wino ulipoanza kufifia na mtu kuuliza. Hakuna msimbo uliovunjika. Mimi nilisema ni rekebisho dogo, dada wa ubora akasema aliyelipia karatasi hakuliona dogo. Hoja yake ilishinda: kwetu sura ni ahadi, na kipimo cha nje cha komponenti kikibadilika tarakimu ya kwanza inapanda. Matokeo yake tumefikia matoleo makubwa mengi kwa maktaba ndogo, wageni hushangaa, na sisi hatuoni haya.

Ombi lililokataliwa mara nyingi kuliko yote ni la kisanduku cha saa. Zahanati iliomba kwa ajili ya miadi, na baadaye mteja wa mabasi ya mikoani akaomba kwa ajili ya tiketi. Mifumo miwili, kitu kimoja, kwa kanuni zetu kingestahili kuingia. Ukiwasikiliza kwa dakika kumi unakuta wanataka vitu viwili. Mhudumu wa zahanati anaambiwa na mgonjwa "saa tatu asubuhi", anataka kuandika 3 na kuchagua asubuhi, na SMS ya kukumbusha iseme hivyohivyo. Karani wa mabasi amechoshwa na abiria waliosoma 12:00 kwenye tiketi wakafika saa sita mchana basi limeshapita Morogoro tangu asubuhi. Anataka 06:00 iandikwe kwa wino mkubwa, na saa ya Kiswahili ikae chini kwa maneno. Intl ya JavaScript inayajua maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku, lakini tisa yake inabaki tisa. Haihesabu kutoka mapambazuko.

Tulichokiweka kwenye mradi ni kitendakazi, ndani ya folda ya akili: 09:00 inaingia, "saa 3 asubuhi" inatoka. Kina majaribio mengi kuliko kisanduku cha simu, na zaidi ya nusu ni ya usiku. Pwani siku huanza magharibi, kompyuta huianza usiku wa manane. Ukiandika "Jumanne saa nne usiku", mhudumu wa zahanati, mzaliwa wa Dodoma, anauona usiku baada ya mchana wa Jumanne. Karani wa mabasi ni Mpemba, na kwake huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Kitendakazi kinaitaka tarehe kamili na hakikisii. Kisanduku kingelazimika kukisia, na mpaka wateja hao wawili wakae meza moja, kila mmoja ataendelea kuandika cha kwake.